Fibromialjia na tiba ya Kichina: sindano, unga wa mizizi, taichi... kipi kinasaidia kweli?

usingizi_mbali aliandika:

Habari zenu wapendwa, samahani post ni ndefu ila naomba mnisome mpaka mwisho maana nimechoka jamani.

Nina miaka 41. Maumivu yalianza kama miaka sita nyuma, kwanza shingo na mabega nikajua ni mto, nikabadilisha mto, yakashuka mgongoni, yakaenda nyonga, magoti, sa hivi mtu akiniuliza unaumwa wapi nakosa jibu maana naumwa kote. Nalala masaa nane naamka kama nimepigwa usiku kucha. Maji ya bafuni yakinimwagikia mabegani yanauma. Kichwani ukungu, naingia chumbani nasahau nimefuata nini, nasoma meseji moja mara tatu.

Vipimo nimepima mpaka nimechoka, damu, thairoidi, eksirei, vyote vinarudi safi, na kila vikirudi safi ndo najisikia vibaya zaidi maana watu wanaona naigiza. Mwaka jana ndo daktari bingwa wa baridi yabisi akanikalisha chini akanichorea mwili akahesabu sehemu zinazouma, ziko 19 kwenye ile fomu yake na mimi nilikuwa na 13, akaniuliza usingizi, uchovu, kumbukumbu, akasema una fibromialjia. Nililia, sio kwa huzuni, kwa kupata jina. Akanipa amitriptilini usiku. Usingizi umeboreka kidogo ila mdomo unakauka na asubuhi nakuwa zezeta.

Sasa wiki iliyopita nimeenda kwa mtaalamu wa tiba ya Kichina. Akanishika mkono kwa vidole vitatu, kimyaa kama dakika mbili, akahamia mkono wa pili, alafu toa ulimi. Akasema ulimi una alama za meno pembeni na utando mzito mweupe, wengu limechoka na limejaa unyevu, na chi (nguvu ya mwili wanavyoiita wao) ya ini imekwama. Anataka nichomwe sindano mara 12, anipe na unga kwenye vipakti nichanganye na maji ya moto mara mbili kwa siku, na baada ya wiki mbili niache dawa za hospitali kwa sababu "zinagombana".

Maswali yangu: ini langu lina shida gani wakati vipimo vya ini viko sawa?? Sindano zinauma? Huo unga vipi? Na kuna mtu hapa amepona au tunadanganyana tu.

---

bibi_fundi alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Hapo kwenye bafu umenigusa, mi ilikuwa kamba ya begi begani, naihisi kama inakata nyama. Mwaka wa kumi na moja huu.

Nianze na ini maana najua limekunyima usingizi hata huo kidogo uliokuwa nao. Ini analosema yeye sio hilo lililopimwa hospitali. Kwenye tiba yao ini, wengu, figo ni majina ya kazi mwilini zaidi kuliko vile viungo vyenyewe. Ini ndo linalosimamia mambo yatiririke, na hasira na kinyongo ndo vinalikwamisha, na usishangae sana maana hata sisi mtu akikuumiza unasema kanikata maini na hakuna anayekimbilia maabara. Wengu kwao ndo linageuza chakula kuwa nguvu, likichoka unyevu unajaa, mwili unakuwa mzito, kichwa kina ukungu. Sasa soma tena dalili zako. Ndo maana watu wenye ugonjwa wetu tukienda kwao tunaguswa, mtu kwa mara ya kwanza anasimulia mwili wako bila kukwambia huna kitu. Mi nilitoka pale siku ya kwanza nimepata nafuu kabla sijachomwa chochote, na hilo nalisema kwa sababu ni muhimu, utaona huko chini wataanza kubishana.

Maumivu ya kuzunguka mwilini wao wanayaweka kwenye kundi wanaloita Bi, maana yake kuziba. Upepo, baridi na unyevu vimeingia vikaziba njia. Kitabu chao cha kale Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2000, kina sura nzima ya Bi. Na wana msemo kwamba pasipopita pana maumivu na panapopita hapana maumivu. Mi huwa nacheka peke yangu maana sisi tunaita baridi yabisi, yaani baridi kavu, wao wanasema baridi yenye unyevu, tumekubaliana kwenye baridi tu.

Sindano: haziumi kama za hospitali, ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani. Kuna zile sehemu wanazipenda, mkononi kati ya kidole gumba na cha shahada wanaita Hegu, chini ya goti kwa nje Zusanli, juu ya mguu Taichong. Ikiingia vizuri unahisi uzito au ganzi au kitu kinavuta, wenyewe wanaita de qi, wanataka uihisi. Unalala dakika 20 mpaka 30. Ila mwambie kabisa una fibromialjia achome chache na juu juu mwanzoni, mi wa kwanza alinichoma kama anashona gunia nikaumwa siku tatu nikasema sirudi. Nikarudi kwa mwingine baada ya mwaka.

Nilichopata: usingizi wa usiku ule na wa kesho yake. Maumivu yanashuka, hayaondoki. Nikiacha mwezi, mwezi na nusu, hamna kitu, narudi palepale. Kupona sijapona na sijawahi kukutana na aliyepona.

Mengine nawaachia wenye utaalamu. Amitriptilini USIACHE kwa kuambiwa na mtu ambaye hajakuandikia.

---

chumvi_kidogo alijibu:

Mtanichukia lakini poa. Sindano za Kichina kwa fibromialjia zimepimwa na majibu yapo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005, watu 100, wiki 12, mara mbili kwa wiki. Kundi moja walichomwa kweli kwa fibromialjia, mengine matatu wakapewa za kuigiza, wengine walichomwa sehemu za ugonjwa mwingine kabisa, wengine sehemu ambazo sio pointi, na wengine hawakuchomwa kabisa waliigiziwa tu ngozi ikaguswa. Makundi yote yalienda sawa. SAWA. Sasa kama kuchomwa mahali sahihi na kuguswa na kijiti kunaleta nafuu ileile, hiyo chi inatiririka wapi?

Ni plasebo tu, nafuu ya kuamini umetibiwa, mtu amelala kimya nusu saa, taa hafifu, mtu anamjali. Mi hata nisingechomwa ningelala.

---

bibi_fundi alijibu:

Mwanangu sijakataa, ndo maana nikasema nilipata nafuu kabla ya sindano. Ila na wewe umechukua utafiti mmoja. Mwaka 2006 Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walifanya wa watu 50, na huko waliochomwa kweli walipata nafuu kuliko walioigiziwa, na kilichopungua zaidi kilikuwa uchovu na wasiwasi kuliko hata maumivu. Umeiona hiyo? Uchovu ndo unaotuua sisi.

---

dawani alijibu:

Niingie hapo kati kabla hamjashikana mashati. Mi ni mfamasia, sio mpinzani wa tiba ya Kichina wala sio shabiki.

Mwaka 2013 Cochrane, wale wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 9 zenye watu 395 kwa jumla. Ukilinganisha sindano na kutofanya kitu au na matibabu ya kawaida peke yake, sindano zinapunguza maumivu na kukakamaa. Ukilinganisha na sindano za kuigiza, kwa ujumla tofauti haionekani. Kuna kaupande kamoja, zile sindano zinazounganishwa na umeme mdogo zilionekana kufanya vizuri kuliko za mkono. Na nafuu ilionekana mpaka mwezi mmoja, kwenye miezi sita haikuwepo tena. Kwa hiyo bibi_fundi mwili wako umesema kilekile kilichoandikwa, na wewe chumvi_kidogo hujadanganya pia.

Fibromialjia yenyewe shida yake kubwa ni jinsi ubongo na uti wa mgongo unavyokuza ishara za maumivu, kama redio ambayo sauti imekwama juu. Misuli haijaoza, viungo havijaliwa, ndo maana eksirei ni safi. Sasa kitu kinachotuliza mfumo mzima wa neva hata kwa njia ya kujaliwa na kulala kimya sio cha kudharau kwa ugonjwa wa aina hii. Ila mtu asikuuzie kama anafungua mabomba.

Kilichonifanya niandike ni UNGA. Sindano ikikosea sanasana unapata alama ya damu, au kama fundi hajui anachofanya juu ya mabega na kifua anaweza kutoboa pafu, ni nadra ila imetokea, na hakikisha sindano zinafunguliwa mpya mbele yako. Unga ndo una mambo.

Dada usingizi_mbali una orodha ya majina ya vilivyomo? Sio jina la biashara, majina ya mimea. Na je unatumia dawa nyingine zaidi ya amitriptilini?

---

usingizi_mbali alijibu:

Asante kaka. Vipakti ni vya fedha, vimeandikwa Kichina na namba tu. Nilimuuliza akasema ni mchanganyiko wake wa siri wa familia. Natumia na dawa ya presha, ile ya kukojoza, asubuhi moja.

Alafu bibi_fundi asante kwa habari ya ini nimepumua 😅 nilikuwa nshaanza kugoogle.

---

dawani alijibu:

Haya sikiliza, naandika ndefu.

Mchanganyiko maarufu wa kile anachokiita chi ya ini iliyokwama na wengu lililochoka unaitwa Xiao Yao San, ni wa tangu enzi za wafalme wa Song huko China. Una chai hu, dang gui, bai shao, bai zhu, fu ling, gan cao, na tangawizi na majani ya jamii ya mnanaa kidogo. Kwa maumivu ya baridi na unyevu ya mgongo na magoti kuna Du Huo Ji Sheng Tang, wa daktari Sun Simiao wa karne ya 7. Hizi ni fomula zilizoandikwa vitabuni, zinafundishwa vyuoni, mtaalamu aliyesoma anakutajia bila shida. Kwa hiyo hiyo "siri ya familia" kwangu ni taa nyekundu ya kwanza.

Sasa tuchukue hata kwamba ni Xiao Yao San safi kabisa. Gan cao ni mzizi mtamu, uko kwenye fomula nyingi mno za Kichina. Ukitumia kwa wingi au kwa muda mrefu unapandisha presha na unashusha potasiamu kwenye damu. Dawa yako ya kukojoza nayo kuna aina nyingi zinashusha potasiamu. Viwili kwa pamoja, potasiamu ikianguka sana unapata udhaifu wa misuli, mikakamao, moyo unakosa mpangilio. Na amitriptilini nayo ina mkono wake kwenye mapigo ya moyo. Na wewe ukipata udhaifu wa misuli utasema ni fibromialjia imeamka. Umeona mtego ulipo?

Dang gui anayetumia warfarini, dawa ya kulainisha damu, akae nayo mbali, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Danshen, mzizi mwingine wa Kichina, vilevile.

Wapo wabaya zaidi. Fuzi na chuan wu, ni mizizi ya akoniti, wanapenda kuitumia kwa maumivu ya "baridi". Ikichemshwa muda mrefu inavyotakiwa sumu inapungua, ikichemshwa vibaya unaanza na ganzi mdomoni na kwenye vidole alafu mapigo ya moyo yanavurugika na mtu anakufa. Lei gong teng hutumika kwenye baridi yabisi ya kweli ya viungo, ina nguvu ya kushusha kinga na inaharibu uzazi kwa wanaume na wanawake, mtu mwenye fibromialjia haina sababu kabisa kwa sababu kwetu hakuna kinga inayoshambulia viungo.

Na kuna ile ya Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990. Kliniki ya kupunguza uzito iliweka mimea ya Kichina kwenye vidonge, walitaka han fang ji, ikaingia guang fang ji. Majina yanafanana, mimea tofauti kabisa, ya pili ina asidi ya aristoloki. Wanawake zaidi ya 100 figo ziliharibika, wengine wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Na fang ji ni dawa ya nini kwenye vitabu vyao? Ya kutoa upepo na unyevu kwenye viungo. Yaani kundi letu hasa. Hata ile Du Huo Ji Sheng Tang ina xi xin ambayo ni ya ukoo huohuo wa mimea yenye asidi hiyo, kwa hiyo nayo sio ya kujinywea tu.

La mwisho na hili ndo naliona zaidi: unga "wa asili" uliochanganywa kinyemela na deksamethasoni (steroidi) au diklofenaki (dawa ya maumivu). Dalili, hasa ikiwa ni deksamethasoni, ni kwamba inafanya kazi HARAKA mno. Siku mbili maumivu yote yamekwisha, hamu ya kula imepanda, uso unajaa, sukari inapanda. Watu wanashangilia. Alafu ukiacha ghafla unaanguka vibaya kwa sababu tezi zako zilishaacha kutengeneza homoni yake. Mitishamba ya kweli haifanyi muujiza wa siku mbili kwenye ugonjwa wa miaka sita.

Na kuacha amitriptilini ghafla kunaleta kichefuchefu, kichwa, usingizi kuvurugika. Mtu hajui, anasema "ni sumu za hospitali zinatoka".

---

tiba_uhakika alijibu:

Dawa ya fibromialjia ipo inatibu moja kwa moja ndani ya siku 21 imetengenezwa na mimea 36 ya milimani China haina kemikali njoo inbox

---

chumvi_kidogo alijibu:

36 🤣 dawani amemaliza kuongea sasa hivi tu na wewe unaingia. Mods tusaidieni.

---

mzee_polepole alijibu:

Nimesoma kimya tangu jana. Mnabishana sindano na mizizi, wenyewe Wachina wana kitu cha tatu na ndicho chenye ushahidi mzuri kuliko vyote, mbona hakuna aliyekitaja. Taichi, yale mazoezi yao ya polepole. Na ndugu yake qigong.

Mke wangu ndo mgonjwa, mimi nilienda kumsindikiza nikabaki. Ni miaka minne.

Mwaka 2010 kwenye jarida la New England Journal of Medicine ulitoka utafiti kutoka Boston, wagonjwa 66 wa fibromialjia. Nusu walifundishwa taichi ya mtindo wa Yang saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, nusu wakapewa masomo ya afya na kunyoosha viungo. Kuna kipimo cha maksi mpaka 100, ukiwa juu ndo unaumia. Wa taichi walitoka kwenye 63 wakashuka hadi 35 hivi. Wale wengine walitoka 68 wakafika kama 59. Na wiki ya 24 bado nafuu ilikuwepo. Watu wakasema ah ni wachache hao. Basi 2018 kwenye jarida la BMJ timu hiyohiyo wakaja na watu 226, safari hii wakashindanisha na mazoezi ya kawaida ya kuhemesha, ambayo ndo kila daktari anayaandika. Taichi ikawa sawa au bora. Waliofanya wiki 24 walipata zaidi ya waliofanya wiki 12, na mara moja kwa wiki ama mbili hakukuwa na tofauti kubwa. Hilo la mwisho lilimfurahisha mke wangu kuliko yote.

Na mwaka huo wa nyuma yake, 2017, wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo, EULAR, walipotoa mwongozo wao, kitu pekee walichokipendekeza kwa nguvu kwa fibromialjia ni mazoezi. Dawa walizozikubali zote zilipata pendekezo dhaifu. Sindano dhaifu. Taichi, qigong na yoga wameviweka pamoja, nayo dhaifu lakini ya kukubali. Mitishamba ya Kichina sikuiona kwenye waliyoyapendekeza.

Kwa nini inafaa? Chumvi usinirukie, mi sio daktari, naongea ninachokiona. Mgonjwa wa hii kitu ukimwambia kakimbie atakimbia siku moja alafu atalala siku nne. Anapata siku nzuri anafua nguo zote, anafagia nyumba nzima, kesho hainuki. Mke wangu alikuwa hivyo. Taichi haikuruhusu kufanya hivyo, ni polepole kwa makusudi, uzito unahama mguu huu kwenda huu, pumzi inafuata, akili inabidi ikae hapohapo maana ukiwaza madeni unakosea mkono. Mwili unajifunza tena kwamba kusogea sio hatari.

Dada usianze na taichi yenyewe, ina mambo mengi ya kukumbuka na wewe una ukungu kichwani. Anza na Ba Duan Jin. Ni miondoko minane tu, inarudiwa. Wa kwanza unanyanyua mikono miwili juu kama unashikilia mbingu. Kila mmoja unaweza kuufanya umekaa kwenye kiti kwa mwanzo. Mikono usinyanyue mpaka mwisho, ishia theluthi mbili.

Sheria yetu nyumbani: siku mbaya unafanya nusu ya jana, siku nzuri unafanya SAWA na jana. Kuongeza ni mara moja kwa wiki na kidogo. Hiyo ya siku nzuri ndo ngumu.

---

chumvi_kidogo alijibu:

Mzee sikurukii, hiyo naikubali. Swali tu, kwenye taichi huwezi kuwafanyia watu taichi ya uongo wasijue, kwa hiyo plasebo haijatolewa hapo. Ila kama imeshinda mazoezi ya kawaida na haina madhara, mi nitanyamaza.

---

bibi_fundi alijibu:

Alhamdulillah, kanyamaza.

Mi Ba Duan Jin nilijaribu ila ule mwondoko wa kuinama kushika miguu ulinimaliza kiuno, ningejua ya kiti.

---

mzee_polepole alijibu:

Huo mke wangu anaishia magotini mpaka leo. Miaka minne.

---

kijana_wa_benchi alijibu:

Samahani naingilia, vipi chuku? Wale wa vikombe mgongoni, na ile ya kuchoma majani karibu na ngozi. Mama yangu ana fibromialjia anataka kufanyiwa.

---

dawani alijibu:

Ile ya majani inaitwa moksa, inachomwa jamii ya pakanga. Joto linatuliza, ndo faida yake kubwa, na hatari yake ni kuungua na moshi kwa mwenye pumu. Vikombe vilipimwa Ujerumani, vilikuwa bora kuliko kuendelea na matibabu ya kawaida tu, ila havikuwa bora kuliko vikombe vya kuigiza. Hadithi ileile. Kama mama anatumia dawa ya kulainisha damu asifanye, hasa ile ya kuchanja. Na kwa mgonjwa wa fibromialjia vikombe vivutwe kidogo tu, ngozi yake inahisi mara mbili ya yako.

Kwa ujumla swali la watu wote wa hapa, kabla ya chochote cha Kichina hakikisha utambuzi umefanywa na daktari kwanza. Kuna thairoidi, kuna upungufu wa vitamini D, kuna lupasi (kinga ya mwili kujishambulia), vyote vinaweza kuja na sura hii, na hakuna ulimi wala mapigo ya mkono yatakayovitenganisha. usingizi_mbali yeye ameshapitia huko.

---

kijana_wa_benchi alijibu:

Shukran mkuu. Bi mkubwa alikuwa ananunua na jinsengi ngoja nikamuulize anatumia na nini.

---

usingizi_mbali alijibu:

Nimerudi jamani, wiki tatu zimepita, nilikuwa kwenye wiki mbaya.

Nilirudi kwa yule mtaalamu, nikamuuliza kwa adabu tu naomba majina ya mimea nimuoneshe daktari wangu. Akakasirika, akasema wagonjwa wanaouliza sana hawaponi. Nikamshukuru nikaondoka, vipakti nimevitunza sijavitumia hata kimoja. Daktari nilipomueleza hakunicheka, nilidhani atanicheka, alisema sindano ukitaka nenda lakini kwa mtu mwenye cheti na nimwambie tarehe, unga hapana, na akanipima potasiamu papo hapo, iko chini kidogo kabla hata sijanywa chochote! Amenibadilishia dawa ya presha. Kaka dawani Mungu akubariki. Amitriptilini amesema nimeze mapema kidogo jioni badala ya wakati wa kulala, na kweli uzezeta wa asubuhi umepungua.

Sindano nimepata mwingine, dada mmoja hivi, anachoma tano sita tu. Nimeenda mara mbili. Ya kwanza, usiku ule nililala masaa sita mfululizo. Ya pili hamna kitu. Basi.

Mzee_polepole, Ba Duan Jin nimeanza nikiwa nimekaa. Jana dakika nane, miondoko mitatu ya kwanza. Leo nimeamka vizuri ajabu, mabega mepesi, nataka nifanye dakika kumi na tano na nisimame.

---

mzee_polepole alijibu:

Leo fanya nane. Umekaa.

---

usingizi_mbali alijibu:

😩 Sawa baba. Nane.